Kipa Anapimwaje Mtandaoni? Vidokezo kwa Mashabiki wa Neuer, ter Stegen na Wenzao

Mabishano ya soka yakifika kwa makipa wa Ujerumani huwa yanaisha haraka mno. Mmoja anasema Manuel Neuer ndiye maarufu kuliko wote, mwingine anamtaja Marc-André ter Stegen, wa tatu anafungua simu, anasoma kwa sauti idadi ya wafuasi wa Instagram, na kesi inafungwa. Inasikitisha, maana namba ile inaeleza kitu kimoja kidogo tu: ni akaunti ngapi ziliwahi kubonyeza kitufe cha kufuata. Haisemi nani anatafutwa leo, nani anapendwa, wala nani anatukanwa.

Tena kipa ana shida ambayo mshambuliaji hana. Mshambuliaji hutajwa akifunga. Kipa hutajwa zaidi akikosea, na akimaliza dakika 90 bila doa, watu huwazungumzia waliofunga upande wa pili. Kumpima kipa kwa mizani ya mshambuliaji ni kumwonea. Vidokezo hivi ni vya yeyote anayetaka kuifanya kazi hii kwa haki: mwandishi wa michezo, mwanafunzi wa takwimu, mwenye ukurasa wa soka, au shabiki anayetaka hoja zenye mashiko kwenye kundi lake la WhatsApp. Unahitaji simu au kompyuta, jedwali la kuandikia namba, na subira.

1. Amua kwanza unapima nini

Kujulikana ni jambo moja, kuzungumzwa ni la pili, kupendwa ni la tatu. Mtu anaweza kuwa nayo mawili ya kwanza tele, akakosa la tatu.

Mei 26, 2018, Loris Karius alisimama golini kwa Liverpool kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Kyiv. Dakika ya 51 aliurusha mpira kwa mkono, Karim Benzema akanyoosha mguu, ukaingia wavuni. Dakika ya 83 shuti la mbali la Gareth Bale likampita mikononi. Real Madrid ikashinda 3-1. Ukipima kutajwa peke yake, usiku ule Karius alikuwa miongoni mwa makipa wakubwa kabisa duniani. Lakini alitajwa kwa matusi, kejeli, hata vitisho vya kuuawa. Siku chache baadaye madaktari wa Massachusetts General Hospital ya Boston wakaeleza kwamba alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo wakati wa mechi ile, na jina lake likaanza mzunguko mpya: safari hii wapo waliomwonea huruma na wapo waliosema anatafuta kisingizio.

Kwa hiyo fungua safu tatu kwenye jedwali lako. Ya kujulikana ijaze kwa utafutaji na usomaji wa Wikipedia. Ya kuzungumzwa ijaze kwa idadi ya kutajwa. Ya kupendwa ijaze kwa sauti ya maoni. Usizijumlishe kuwa alama moja. Najua alama moja ndiyo inayovutia kwenye kichwa cha habari, lakini ndiyo hiyo itakayompa Karius wa Kyiv nafasi ya juu kuliko kipa aliyecheza msimu mzima vizuri.

2. Hakikisha ni yeye, si wajina wake

Bernd Leno amedakia Bayer Leverkusen, Arsenal na Fulham. Andika "Leno" peke yake kwenye chombo cha kupima utafutaji, na watu wa Marekani watakuletea Jay Leno, mchekeshaji aliyeongoza kipindi cha The Tonight Show kwa miaka mingi. Novemba 2022, mwezi ulioanza Kombe la Dunia la Qatar, Jay Leno aliungua moto gerejini mwake. Asiyejua anaweza kuona jina hilo limepaa mwezi ule akalihesabu kwa kipa, ambaye hata kwenye kikosi cha Ujerumani hakuwemo.

Neuer naye ana tatizo lake. Jina lake ni neno la kila siku la Kijerumani, lenye maana ya "mpya". Kila gazeti la Ujerumani likitangaza kocha mpya au gari jipya, neno hilo limo. Kevin Trapp anagongana na familia ya von Trapp ya filamu The Sound of Music.

Dawa ipo. Google Trends inakuruhusu kuchagua kati ya neno lenyewe na mada. Chagua mada inayomtaja kama mchezaji wa soka. Mada hukusanya pia tahajia mbalimbali na hati nyingine kama Kiarabu na Kijapani, jambo la msaada mkubwa kwa ter Stegen, ambaye wengine humwandika kwa alama juu ya herufi e, wengine bila alama, wengine bila hata kistari. Kwenye mitandao ya kijamii, ambako huna mada ya kuchagua, andika jina kamili pamoja na la klabu.

3. Mia ya Google haihesabu watu

Google Trends ni bure na kumbukumbu zake zinaanzia 2004, kwa hiyo inafunika karibu maisha yote ya Neuer kama mchezaji wa kulipwa. Ila wengi huisoma vibaya. Haitoi idadi ya watu. Inachukua kipindi ulichochagua, inatafuta wakati ambapo jina lilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya utafutaji wote, inaupa wakati huo 100, kisha inapima nyakati nyingine dhidi yake.

Ukibadilisha kipindi, 100 inahama. Chagua mwaka mzima wa 2014, nayo itaangukia siku za Kombe la Dunia. Chagua Februari tupu ya mwaka wowote, napo Neuer atapata 100 yake siku fulani. Namba hizo mbili hazilinganishiki hata kidogo. Ukitaka kuwalinganisha makipa, waweke pamoja kwenye grafu moja. Inapokea majina kadhaa kwa wakati mmoja.

Ramani nayo isomwe kwa uangalifu. Nchi inayoongoza si lazima iwe yenye watafutaji wengi. Ni ile ambayo jina hilo limechukua sehemu kubwa zaidi ya utafutaji wake. Nchi ndogo yenye watafutaji wachache inaweza kuipita Ujerumani yenyewe.

4. Wikipedia ndiyo rafiki yako mkubwa

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechukua hiki. Tangu Julai 2015 Wikipedia inaonyesha hadharani kila ukurasa umefunguliwa mara ngapi kwa siku, kwa kila lugha, na inawatenganisha wasomaji na programu zinazotembelea kurasa zenyewe. Hapo unapata hesabu halisi, tofauti na mizani ya 0 hadi 100.

Uzuri wake uko kwenye lugha. Fungua ukurasa wa ter Stegen kwa Kijerumani, halafu kwa Kihispania. Amezaliwa Mönchengladbach lakini aliingia Barcelona mwaka 2014 na kukaa huko zaidi ya muongo mmoja, kwa hiyo sehemu ya umaarufu wake inaishi katika lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Fungua wa Karius kwa Kituruki, ukaanzie Agosti 2018 alipopelekwa Beşiktaş kwa mkopo. Ukiishia Kiingereza tu, utakuwa umepima jinsi watazamaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wanavyomwona, ukadhani umepima dunia.

Angalia mambo mawili. Kwanza, mtu anayefika kwenye makala kupitia jina mbadala huhesabiwa kando, kwa hiyo tafuta majina hayo nayo uyajumlishe. Pili, msomaji wa Wikipedia ni mtu mwenye swali. Anauliza kipa huyu ni nani, ana miaka mingapi, kwa nini hachezi. Shabiki wa kufa na kupona wa Bayern hana haja ya kusoma kwamba Neuer alizaliwa Gelsenkirchen mwaka 1986, anajua. Kwa hiyo kipimo hiki kinawapata wageni zaidi kuliko wenyeji.

5. Wafuasi ni kumbukumbu ya jana

Idadi ya wafuasi hupanda kwa urahisi na hushuka kwa shida. Mtu aliyemfuata kipa mwaka 2014 akaacha kutazama soka mwaka 2017 bado anahesabiwa. Akaunti za uongo nazo zinahesabiwa hadi mtandao wenyewe uzifute, kama Instagram ilivyofanya Desemba 2014, watu mashuhuri wakapoteza wafuasi kwa mamilioni ndani ya muda mfupi.

Badala ya jumla, andika ongezeko. Rekodi namba kila Jumatatu, uone tofauti ya wiki hadi wiki. Ongezeko kubwa lisilo na mechi, uhamisho wala habari yoyote nyuma yake linastahili kutiliwa shaka.

6. Pima ushiriki, ila kwa namba ya katikati

Kanuni inayotumika sana ni hii: jumlisha laiki na maoni ya posti, gawanya kwa idadi ya wafuasi, zidisha kwa 100. Tuseme kipa ana wafuasi milioni 10 na posti yake imepata laiki 90,000 na maoni 1,000. Ushiriki wake ni asilimia 0.91. Mwenzake wa daraja la pili mwenye wafuasi 200,000 akipata jumla ya 11,000, wake ni asilimia 5.5. Usikimbilie kusema wa pili anapendwa mara sita zaidi. Akaunti ndogo kwa kawaida huwa na ushiriki mkubwa, kwa sababu waliomo ni wale wanaomjua mchezaji hasa. Linganisha akaunti za ukubwa unaokaribiana.

Halafu acha wastani wa kawaida. Posti moja ya kombe, harusi au mtoto mchanga inaweza kuvuta wastani wa mwezi mzima juu. Chukua posti 20 za mwisho, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua wastani wa zile mbili za katikati. Zitenganishe pia kwa aina: mazoezi, mechi, familia, tangazo la glovu. Kipa ambaye posti zake za matangazo zinakaribia zile za mechi ana wafuasi wanaomfuata yeye binafsi, na kampuni za matangazo hulipia jambo hilo.

Kumbuka kwamba tangu 2021 Instagram inamruhusu mtumiaji kuficha idadi ya laiki. Ukikuta zimefichwa, iache safu hiyo tupu. Usikadirie.

7. Tenganisha kilele na jumla

Julai 8, 2014, Belo Horizonte, Ujerumani iliifunga Brazil 7-1. Twitter ilitangaza kwamba mechi ile ilizaa tweeti milioni 35.6, rekodi ya wakati huo kwa tukio moja la michezo. Siku tano baadaye Ujerumani ikacheza fainali na Argentina pale Maracanã, zikawa milioni 32.1. Ukiangalia jumla, nusu fainali ilikuwa kubwa kuliko fainali. Sasa angalia kilele: nusu fainali ilifika tweeti 580,166 kwa dakika, fainali ikafika 618,725. Ukiangalia dakika moja, fainali ndiyo kubwa. Majibu yote mawili ni sahihi, kwa maswali mawili tofauti.

Kwa kipa jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanzoni mwa kipindi cha pili cha nusu fainali ile Neuer alimzuia Paulinho mara mbili kwa mfululizo, Brazil ikiwa bado na hamu ya kupunguza aibu. Wachache wanakumbuka. Kilele kilikuwa cha mabao. Mechi iliyomjenga Neuer ilikuwa ile ya Juni 30 kule Porto Alegre, Ujerumani ikicheza na Algeria katika hatua ya 16 bora, alipotoka nje ya 18 tena na tena kuokoa kwa miguu na kichwa kama beki wa mwisho, hadi ushindi wa 2-1 baada ya dakika 120. Kuokoa kwa namna ile hakutengenezi dakika moja ya kulipuka. Kunatengeneza mazungumzo yanayoendelea siku kadhaa, watu wakitumiana klipu na kubishana kama kipa anaruhusiwa kucheza hivyo. Ukichukua kilele tu, unaikosa mechi yake kubwa.

8. Kila kilele kiandikie sababu

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachoachwa mara nyingi. Pakua grafu ya Neuer ya miaka michache, kaa na kumbukumbu za magazeti, na kando ya kila mlima andika kilichotokea. Mimi nategemea ukutane na mambo kama haya.

Desemba 2022: siku chache baada ya Ujerumani kutolewa hatua ya makundi huko Qatar, anaweka picha akiwa kitandani hospitalini na kueleza kwamba amevunjika mguu akiteleza kwenye theluji. Januari 2023: Bayern inamwondoa Toni Tapalović, kocha wa makipa na mtu wake wa karibu, na muda si mrefu Neuer anazungumza na waandishi kuonyesha alivyoumia. Oktoba 28, 2023: anarudi uwanjani, Bayern inaifunga Darmstadt 8-0, lakini Harry Kane anafunga bao kutoka nusu ya uwanja wa kwao, na klipu inayozunguka dunia ni hiyo. Mei 8, 2024: nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ndani ya Bernabéu, anaokoa mipira mizito usiku kucha, kisha dakika ya 88 anautema mpira wa Vinícius, Joselu anasawazisha na kuongeza la pili. Agosti 2024: anastaafu timu ya taifa akiwa na mechi 124. Desemba 3, 2024: kadi nyekundu ya kwanza katika maisha yake ya soka, dakika ya 17 dhidi ya Leverkusen kwenye Kombe la Ujerumani.

Hesabu sasa ni mangapi kati ya hayo ni kazi nzuri ya kipa peke yake. Hakuna hata moja. Kuna jeraha, ugomvi wa ofisini, bao la mwenzake, kosa, kuaga na kadi. Mtu aliyeshinda Kombe la Dunia, na Ligi ya Mabingwa mara mbili, anatafutwa zaidi pale mambo yanapomharibikia. Bila safu ya sababu, jedwali lako litasema umaarufu wake unapanda.

Ongeza pia matukio ya nje ya mpira. Juni 2021, wakati wa Euro, Neuer alivaa kitambaa cha unahodha chenye rangi za upinde wa mvua, UEFA ikaanza kulichunguza suala hilo kisha ikaliacha. Wengi waliolisoma jina lake wiki hiyo walikuwa kwenye mjadala wa siasa na jamii, na maoni yao yaligawanyika vibaya kutoka nchi hadi nchi.

9. Mpime siku ambayo hakuna kitu

Umaarufu wa kweli unaonekana Jumatano ya kawaida isiyo na mechi. Tafuta kiwango chake cha siku hizo kwanza, kisha ndipo uone tukio limemsogeza kiasi gani, na baada ya muda gani amerudi chini.

Kipa Ann-Katrin Berger ni mfano mzuri wa kufuatilia. Julai 19, 2025, Basel, robo fainali ya Euro ya wanawake, Ujerumani ilibaki na wachezaji kumi tangu dakika ya 13 baada ya Kathrin Hendrich kutolewa kwa kumvuta mpinzani nywele. Mechi ikaisha 1-1. Katika dakika za nyongeza Berger aliruka kinyumenyume na kuutoa mpira kwenye mstari, uokoaji ambao hata wasiofuatilia soka la wanawake waliushea. Kisha kwenye mikwaju ya penalti akaokoa miwili na kufunga mmoja yeye mwenyewe, Ujerumani ikapita 6-5. Watu wakagundua pia kwamba amewahi kupona saratani ya tezi ya shingo na kurudi kucheza. Siku nne baadaye, Zürich, Aitana Bonmatí wa Hispania akamfunga dakika ya 113 kwa pembe finyu, na Berger akasema hadharani kwamba lile bao ni lake.

Chukua usomaji wake wa Wikipedia wa Mei 2025, kabla ya yote, na wa Oktoba 2025, baada ya vumbi kutulia. Tofauti kati ya miezi hiyo miwili ndiyo faida aliyobaki nayo. Mlima wa Julai uonyeshe, lakini usiuite umaarufu wake. Namtakia kila kipa siku kama ile ya Basel, na makipa wa kike hasa, ambao dunia huwafungulia macho kwa wiki mbili kila baada ya miaka michache.

10. Linganisha kipa na kipa, na kipa na klabu yake

Kwenye tuzo ya Ballon d'Or ya 2014, iliyopigiwa kura na manahodha na makocha wa timu za taifa pamoja na waandishi, Cristiano Ronaldo alipata asilimia 37.66, Lionel Messi 15.76, Manuel Neuer 15.72. Kati ya Messi na Neuer palikuwa na pengo la 0.04 tu. Nenda sasa kwenye wafuasi: Ronaldo alitangaza Septemba 2024 kwamba amefikisha bilioni moja ukijumlisha mitandao yake yote. Hakuna kipa anayekaribia hapo. Waliopiga kura walimwona Neuer akiwa sawa na Messi. Mitandao haijawahi kumwona hivyo, kwa sababu mitandao hulipa mabao. Ukimweka kipa kwenye orodha ya washambuliaji utathibitisha jambo ambalo kila mtu analijua.

Mweke na makipa wenzake, kisha na wachezaji wenzake wa klabu. Ter Stegen alipata bahati ya kuvaa jezi ya Barcelona, klabu yenye mashabiki kila bara. Gawanya utafutaji wake kwa ule wa klabu yake, siku hiyo hiyo, uone anachukua sehemu gani. Agosti 2025 Barcelona ilimvua unahodha kwa muda katika mzozo wa ripoti yake ya matibabu iliyotakiwa kwenda LaLiga, ikamrudishia kesho yake. Siku hizo mbili sehemu yake ndani ya habari za klabu lazima ilikuwa kubwa kupita kawaida, naye hakugusa mpira.

11. Tenganisha wenyeji na wageni

Machi 2011 Schalke ilikwenda Munich kucheza nusu fainali ya Kombe la Ujerumani. Neuer alikuwa kipa wa Schalke, kijana wa Gelsenkirchen aliyekua akishangilia klabu hiyo jukwaani, na habari za kuhamia Bayern zilikuwa zimezagaa. Mashabiki wa Bayern wakainua mabango mengi yenye maandishi "Koan Neuer", kwa lahaja ya Bavaria: hatumtaki Neuer. Ujerumani nzima ilimhesabu kuwa kipa bora. Jukwaa la klabu iliyomtaka lilimkataa. Alikwenda hivyo hivyo majira yale ya joto, na mwaka 2017 akawa nahodha wao.

Kwa mpimaji, hilo linamaanisha kugawa data kwa mahali na lugha kabla ya kusema lolote. Tenga Bavaria na jimbo lenye eneo la Ruhr. Google Trends inakuwezesha kuchagua majimbo ya Ujerumani moja moja. Tenga maoni ya Kijerumani na ya Kiingereza. Kipa anaweza kuwa shujaa Jakarta na msaliti Gelsenkirchen siku moja.

12. Maoni yasome kwa macho yako

Programu za kupima hisia hupanga maoni kuwa mazuri au mabaya kwa kuangalia maneno. Lugha ya mashabiki inazichanganya. Mjerumani anayeandika "Wahnsinn" chini ya klipu ya Neuer ametumia neno la wazimu kumsifia. Mtanzania akiandika "huyu nyanda ni hatari" au "kipa mchawi huyu", amempa sifa ya juu kabisa, na programu isiyojua Kiswahili cha kijiweni itaihesabu kuwa lawama. Maoni ya Kiswahili kwenye kurasa za klabu za Ulaya ni mengi sasa, na yanastahili kusomwa na mtu anayeyaelewa.

Chagua maoni 200 bila kubagua: usichukue yale ya juu tu, maana mtandao umeyapanga kwa laiki. Yasome pamoja na mwenzako, kila mmoja apange kivyake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, kasoro iko kwenye makundi yenu, yarekebisheni. Ongezeni kundi la nne baada ya zuri, baya na la kati: yasiyomhusu kipa kabisa. Litajaa kuliko mnavyofikiri.

13. Andika tarehe, hifadhi faili

Milango ya data inafungwa. X, ambayo hadi Julai 2023 iliitwa Twitter, iliondoa njia ya bure ambayo watafiti wadogo walikuwa wakichotea tweeti. Meta ilifunga CrowdTangle Agosti 2024, chombo kilichokuwa msaada mkubwa kwa waandishi waliofuatilia Facebook na Instagram. Ulichoweza kukipata mwaka jana huenda usikipate mwaka ujao. Google Trends nayo hufanya kazi kwa sampuli, kwa hiyo swali lile lile likiulizwa leo na kesho linaweza kuleta mistari inayopishana kidogo. Uliza mara kadhaa kwa siku tofauti uchukue namba ya katikati. Juu ya kila jedwali andika siku, saa, nchi na kipindi ulichochagua, na pakua faili la namba zenyewe pamoja na picha ya grafu, ili anayepinga matokeo yako apewe vitu vile vile ulivyovitumia na ajaribu mwenyewe.